Filamu ya Makala na Somo la Vyama vya Wafanyakazi

Mwalimu atakaye kuwafundisha vijana maana ya chama cha wafanyakazi hukabiliwa na taabu moja kubwa, nayo ni kwamba wanafunzi wake aghalabu hawajapata kupokea ujira wala kuamrishwa na mnyapara, hata sheria za kazi wazisomazo huwa kwao maneno matupu ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Filamu ya makala huipunguza taabu hiyo, maana huonyesha nyuso na mikono ya watu walio kazini kweli. Lakini faida yake hutegemea filamu ichaguliwayo, nami naona kwamba ile ambayo ndani yake chama kimeshindwa hufunza zaidi kuliko ile ambayo kimeshinda.

Miongoni mwa filamu za ushindi iliyo mashuhuri ni Harlan County, USA ya Barbara Kopple, iliyotoka mwaka 1976 ikapata tuzo ya Oscar. Yasimulia mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Brookside, jimbo la Kentucky, ulioanza mwaka 1973 baada ya kampuni kukataa kutia saini mkataba na chama walichokichagua. Mahakama ilipopunguza idadi ya wagomaji walioruhusiwa kusimama njiani, wake zao walishika nafasi zao. Na mkataba ulipopatikana mwaka 1974, mchimbaji mmoja kijana alikuwa amekwisha kuuawa kwa risasi. Mwanafunzi huitazama kwa huruma nyingi, na upande wa haki humdhihirikia bila ya yeye kuutafuta, kwa hiyo akili yake hupata kazi kidogo.

American Factory ya Steven Bognar na Julia Reichert, ya mwaka 2019, haimpi raha hiyo. Huko Moraine, jimbo la Ohio, General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari mwezi wa Desemba 2008, na mwaka 2014 kampuni ya Kichina ya Fuyao ikanunua majengo ili kutengeneza vioo vya magari. Waliopoteza kazi wakaajiriwa tena wakashukuru, ilhali mwanamke mmoja asema kwamba zamani alilipwa dola 29 na ushei kwa saa, na sasa alipwa dola 12.84.

Hapo ndipo liingiapo somo la mila za kazini. Wasimamizi wa Kimarekani wapelekwapo makao makuu ya kampuni, Fuqing nchini China, huwaona wafanyakazi wakijipanga safu mwanzo wa zamu na kuitikia hesabu kijeshi, na hufahamishwa kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha hapo ni shemeji yake mwenyekiti wa kampuni. Wachina walioletwa Ohio, wakaacha jamaa zao mbali, huwaona wenyeji wazito wa kazi; wenyeji nao hulalamika kwamba usalama wao haujaliwi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 huwapa wafanyakazi haki ya kuungana, na bodi ya serikali husimamia kura yao ya siri. Kura ya Moraine, ya kuamua kama chama kiingie kiwandani, ilipigwa Novemba 2017, baada ya kampuni kuleta washauri wa kuwashawishi wafanyakazi wakikatae chama: 444 walikikubali, 868 walikikataa.

Mwalimu mwenye tadbiri huisimamisha filamu kabla ya hesabu hiyo kutajwa, akawapa wanafunzi vijikaratasi wapige kura yao wenyewe kwa siri, kila mmoja na sababu yake. Ndipo matokeo yanapofunuliwa na mjadala ukaanza: je, ilikuwa hofu ya kiwanda kufungwa tena, au shukrani kwa aliyeleta kazi, au vijana wasioona faida ya chama? Kisha na aulize ni nani aliyeshika kamera. Kopple aliishi na wagomaji. Bognar na Reichert, wenyeji wa sehemu zile zile, walikwisha kupiga filamu ya kufungwa kwa kiwanda hicho hicho, na mwenyekiti aliwaruhusu waingie hata mikutanoni. Kila filamu ni shahidi mbele ya kadhi, na ushahidi hupimwa.

Basi, walimu wenzangu, onyesheni filamu zote mbili, lakini ya kushindwa itangulie. Kwa sababu kijana akiisha kufahamu kwa nini watu wenye haki ya kuungana walichagua kutoungana, atajua pia thamani ya walichokipigania wale wa Brookside.