Kwatzi: Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Mawe

Kama hujawahi kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na jinsi dunia ilivyojengeka, kwatzi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani huna haja ya kuisafiria. Chota mchanga wa mtoni, uoshe, uutazame juani. Zile chembe angavu, au za kijivu kidogo, nyingi ni kwatzi. Ila usichukue mchanga mweupe wa fukwe za Paje au Nungwi ukadhani ni uleule. Huo kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ukiudondoshea siki utatoa povu. Kwatzi haitoi.

Kwatzi ni madini, maana yake ni kitu kigumu cha asili chenye kemikali maalumu na atomi zilizojipanga kwa utaratibu maalumu. Imeundwa na elementi mbili tu: kwa kila atomi moja ya silikoni, mbili za oksijeni. Wengi hukwama hapa, maana mchoro wa kitabuni huonyesha silikoni moja ikizungukwa na oksijeni nne. Mbili zimetoka wapi? Ni kwamba kila oksijeni inashirikiwa na silikoni mbili, hivyo kila silikoni huhesabiwa nusu tu ya zile nne. Usiipite aya hii haraka. Karibu yote yanayofuata yanatokana nayo.

Kwa kuwa vifungo hivyo ni imara na vimeenea pande zote, kwatzi ni ngumu. Katika kipimo alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huangalia jiwe lipi hukwaruza jingine, talki ni 1, almasi ni 10, na kwatzi ni 7. Itakwaruza chupa, na kisu cha kawaida hakitaikwaruza. Tena haina upande dhaifu. Maika huambuka kama kurasa za kitabu. Kwatzi ikigongwa huvunjika kwa mikunjo isiyo na mpango. Zile nyuso sita bapa unazoziona kwenye fuwele yake, yaani umbo ambalo madini hujijengea yakipata nafasi ya kukua, hazikutokana na kuvunjika. Ziliota hivyo.

Nafasi hiyo haipatikani kila mara. Katika granaiti, mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, kwatzi huganda miongoni mwa madini ya mwisho, ikajaza mianya iliyobaki, ndiyo maana humo haina umbo la kujivunia. Mwamba huo ukija kuchakaa kwa mvua na jua, felspa, madini mwenzake, hugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi hubaki, ikawa mchanga.

Njia nyingine ya kuzaliwa kwake naipenda zaidi. Maji ya moto sana yanayopita kwenye nyufa za ardhini huyeyusha silika, jina la ule muungano wa silikoni na oksijeni. Yakipoa, au mgandamizo ukipungua, silika huganda kando ya ufa hadi ukajaa. Mkanda mweupe unaobaki huitwa mshipa. Weupe wake hutokana na vitone vidogo mno vya majimaji vilivyonaswa ndani. Maji hayohayo huweza kubeba dhahabu, na ndiyo sababu wachimbaji wadogo wa Geita huufuata mshipa wa kwatzi chini kwa chini na kulisaga jiwe lake kwenye karasha. Lakini mishipa mingi haina dhahabu hata chembe, tusidanganyane.

Utashangaa pia kuijua akiki ya pete kuwa ni kwatzi, ya fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ile angavu nayo ina historia yake kwetu: Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba ilipelekwa Basra kutoka nchi za Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Sasa tupande ngazi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele ya kwatzi ikibanwa hutoa chaji ya umeme. Tabia hii huitwa piezoelektrisiti. Kinyume chake pia ni kweli: ukiipa umeme, hujipinda. Ndani ya saa ya betri kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kubahatisha: igawe kwa mbili mara 15 utapata 1, na saketi ya saa hufanya hivyo hasa ili kupata mpigo wa kila sekunde. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii iliuzwa Tokyo Desemba 1969. Kwatzi ya saa siku hizi hukuzwa viwandani, ndani ya mitungi mizito ya chuma, kwa maji ya moto yaliyogandamizwa: ule ufa wa ardhini, umeigizwa.

Sura inayofuata inahitaji uwe na mawe mkononi. Tafuta kipande cha granaiti, jiwe jeupe la mshipa na chupa tupu ya kukwaruzia. Ukitaka kuyapasua, yalowanishe kwanza na ufunike pua, kwa sababu vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba ya kuyaondoa.