Nyambizi za zamani kwenye kompyuta za Lubumbashi

Tarehe 6 Septemba 1917 meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Kongo na shehena ya pembe za ndovu ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na kisiwa cha Belle-Île, pwani ya Ufaransa. Meli hiyo iliitwa Elisabethville, jina ambalo mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa nalo hadi 1966. Naitaja mapema kwa sababu kila ninapozungumza na vijana kuhusu michezo ya kompyuta ya nyambizi, swali la kwanza huwa lilelile: sisi tulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, tunahusikaje na mambo hayo? Tunahusika sana, na nitafika huko. Kwanza niseme michezo yenyewe ina nini cha kumpa mtu anayeifungua leo, na wapi inamwangusha.

Ninazungumzia ile inayomkabidhi mchezaji ukamanda wa nyambizi na kumtaka aifanye kazi hiyo kweli. Silent Service ya MicroProse, aliyoibuni Sid Meier, ilitoka 1985. Aces of the Deep ya Dynamix ikafuata 1994. Mwaka 2005 studio ya Ubisoft iliyoko Bucharest, Romania, ikatoa Silent Hunter III, ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha mingine yote. Iko mingine, na mingi ya hiyo ni mizuri, lakini anayeijua hiyo mitatu amekwisha kuijua familia nzima.

Nguvu yake kubwa ni kwamba inakunyima macho. Michezo mingi ya leo humwekea mchezaji alama nyekundu juu ya kichwa cha adui, umbali ukiwa umeandikwa pembeni. Ndani ya nyambizi ya 1941 hakuna anayekuandikia kitu. Una periskopu, hidrofoni ya kusikilizia mapangaboi, saa ya kusimamisha na kitabu cha michoro ya meli. Yaliyobaki unayatoa kichwani.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Umeiona meli ya mizigo ikikatiza mbele yako, na kitabu kinasema ina urefu wa mita 120 na mlingoti wa mita 30. Unasimamisha nyambizi, unaweka mstari wa periskopu mbele ya pua ya meli na kuanzisha saa. Tezi inapoufikia mstari, saa inasoma sekunde 30. Mita 120 kwa sekunde 30 ni mita 4 kwa sekunde, kwa hiyo meli inakwenda karibu noti 8, yaani maili za baharini 8 kwa saa. Sasa umbali. Ikiwa mlingoti wa mita 30 unaonekana kwa pembe ya nyuzi 1, trigonometria ya sekondari inakuambia kwamba meli iko mita 1,700 hivi. Unasogea polepole ukijipanga ili torpedo iikate njia ya meli kwa pembe mraba, ikiwa na safari ya mita 1,000. Torpedo ya umeme ya wakati huo ilikwenda noti 30, karibu mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo itachukua sekunde 65. Katika sekunde hizo meli itakuwa imesogea mita 260, zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Ukilenga pale inapoonekana, umepoteza torpedo. Inabidi ulenge nyuzi kama 15 mbele yake, kisha usubiri huku ukihesabu.

Ukikosea kasi kwa noti 2 tu, kitu kizima kinapita nyuma au mbele ya meli. Na kamanda wa meli akibadili uelekeo kila baada ya dakika kadhaa, kama walivyofanya makamanda wenye busara, unaanza upya. Sijui somo jingine la pembe linalomfanya kijana akae mezani na karatasi na kalamu usiku kucha bila kulazimishwa na mwalimu. Ndiyo maana nasema walimu wa hisabati wa mji huu waitazame michezo hii kwa jicho la pili.

Nguvu ya pili inahitaji subira. Nyambizi za wakati ule zilikuwa meli zenye uwezo wa kuzama kwa muda. Aina ya VII ya Wajerumani ilikwenda noti 17 juu ya maji kwa dizeli, lakini chini ya maji, kwa betri, ilifika noti 7 na nusu kwa muda mfupi tu. Kwa mwendo wa noti 4 betri ziliipeleka maili 80 hivi, kisha ilipaswa kupanda juu, kuwasha dizeli na kuchaji. Mchezo mzima umejengwa juu ya sharti hilo, na mtu aliyezoea kupima chaji ya inverta yake kila umeme unapokatika atalielewa kwa haraka. Unaiona betri ikishuka huku manowari ikizunguka juu yako na mabomu ya kina yakipasuka, na unaamua: nikimbie sasa na kuimaliza, au nitambae kimya na kuomba wachoke?

Silent Hunter III inaongeza mwendo wa historia: kampeni inayobadilika kadiri vita inavyosonga. Wachezaji walipigania sana kampeni hiyo, na Ubisoft ilichelewesha mchezo ili iijenge. Mwaka 1940 unawinda karibu utakavyo. Kufikia 1943 ndege na rada vimegeuza mambo. Mei ya mwaka huo Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na mchezaji anausikia mwezi huo mwilini, kwa sababu kila anapopanda juu kuchaji kuna ndege inashuka kutoka mawinguni. Kati ya watu takriban 40,000 waliotumika katika nyambizi za Ujerumani, kama robo tatu hawakurudi. Ukicheza kwa uaminifu, bila kurudia faili la zamani kila unapouawa, huwezi kumaliza kampeni ukiamini kwamba ile ilikuwa kazi ya ushujaa mtupu.

Sasa kasoro. Za kiufundi nitazipitia kwa kasi, isipokuwa moja.

DVD ya kwanza ya Silent Hunter III ililindwa kwa programu iitwayo StarForce, ambayo Windows 10 inaikataa. Anayenunua diski kuukuu sokoni huenda akabaki na kipande cha plastiki. Toleo linalouzwa kwa intaneti halina tatizo hilo. Picha ilipangwa kwa pikseli 1024 kwa 768, hivyo kwenye skrini pana za leo kila kitu kinatanuka mpaka uweke marekebisho yaliyotengenezwa na wapenzi wa mchezo. Michezo ya enzi ya DOS inahitaji DOSBox, ambayo ni ya bure na nyepesi. Kwa upande mwingine, kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya ambazo zimejaa madukani mwetu zinaimudu michezo hii bila jasho, na hilo ni jambo kubwa pale ambapo kadi nzuri ya picha ni ndoto. Lugha si kikwazo pia, Silent Hunter III inapatikana kwa Kifaransa.

Ninayotaka kukaa nayo ni ya kuhifadhi. Silent Hunter III haihifadhi hali yote ya mapambano. Ukihifadhi ukiwa chini ya maji, au ukiwa karibu na msafara wa meli, faili linaweza kugoma kufunguka au kufunguka limeharibika. Kanuni ni kuhifadhi ukiwa juu ya maji, mbali na meli yoyote. Mchezaji wa Brussels anaweza kuishi na kanuni hiyo. Katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, ambako umeme unaondoka bila kubisha hodi, mapambano ya saa tatu yanakatika katikati na huna pa kurudi. Asiye na kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, au inverta ya kuaminika, asianze kampeni ndefu. Acheze mapambano mafupi ya pekee, ambayo hayadai kuhifadhiwa. Na yeyote asidhani kwamba toleo jipya zaidi ndilo bora: Silent Hunter 5 ilipotoka 2010 ilidai intaneti muda wote wa kucheza, hata kwa mtu aliye peke yake. Kwa watu wanaonunua mega kwa vipimo, sharti kama hilo ni mlango uliofungwa.

Kasoro nzito haiko kwenye mashine. Iko kwenye kile ambacho periskopu haikuonyeshi. Meli inazama, mchezo unakuandikia tani, unaondoka. Nani alikuwa ndani, na meli ilibeba nini, hilo halikuhusu.

Hapa ndipo Katanga inapoingia. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alipeleka New York kupitia Lobito zaidi ya tani 1,200 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Jeshi la Marekani liliyanunua Septemba 1942, na shehena nyingine zikafuata njia ya reli hadi Ilebo, mito ya Kasai na Kongo, kisha Matadi. Historia ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, uliotumia urani hiyo, inaeleza kwamba shehena mbili zilipotea baharini, moja ikiwa imezamishwa na nyambizi mwishoni mwa 1942. Shaba yetu ilisafiri katika bahari hizohizo. Mchimbaji aliyeitoa ardhini hakuwa na neno: Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi uwanjani, hapa Élisabethville, na msemaji wao Léonard Mpoyi akauawa. Katika mchezo, mzigo huo wote ni tarakimu moja ya tani.

Afrika Mashariki ina kidonda chake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imebeba, pamoja na wengine, wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo, na ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika waliokuwa wakielea, na manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zikadondosha mabomu ya kina pale pale walipokuwa watu wao. Hakuna mchezo hata mmoja kati ya hii ya zamani uliowahi kumweka mchezaji mbele ya uamuzi kama huo. Ingekuwa ngumu kuubuni, nakubali. Lakini mchezo unaojisifu kwa kuhesabu pembe kwa usahihi ungeweza walau kuonyesha mashua za kuokolea watu, na Silent Hunter III ilipotoka haikuzionyesha.

Pamoja na hayo naipendekeza, na ningependa ichezwe hivi. Zima picha za nje ya nyambizi, zima alama za meli kwenye ramani na umwambie afisa wa torpedo akuachie hesabu. Usianze na vifurushi vikubwa vya nyongeza kama Grey Wolves, vinakula memori. Chagua nyambizi ya aina ya IX ya mwaka 1941, zile zilizofika mbali, na uelekee maji ya Freetown. Huko ndiko U-107 ya Günter Hessler ilikozamisha meli 14 katika safari moja, na huko ndiko zilikopita meli nyingi zilizotoka Matadi na Lobito kwenda kaskazini. Weka karatasi mbili kando ya kibodi. Moja iwe ya hesabu za pembe na kasi. Ya pili iwe ya kuandika, kwa kila meli unayoizamisha, bandari iliyotoka, bandari iliyokuwa ikienda na mzigo ambao huenda ilibeba, ukisaidiwa na vitabu vya historia vya chuo kikuu chetu.