Kompyuta za Kiganjani Zisifie Katika Vyuma Chakavu

Katika miji ya Busia na Tororo, biashara ya vyombo vilivyokwisha tumika ni sehemu ya maisha ya kila siku. Juu ya meza za mafundi hulundikwa chaja, redio zisizo na vifuniko, vikokotoo vya wanafunzi na simu zilizopasuka vioo. Katika lundo kama hilo yaweza kuwamo mashine ndogo isiyo simu wala kikokotoo, yenye kioo cha kijivu na kalamu ya plastiki ubavuni. Muuzaji haitambui, mnunuzi haitaki, na mwisho wake ni kuvunjwa kwa ajili ya vipande vyake.

Mashine hiyo ni kompyuta ya kiganjani. Wako watakaouliza: ya nini kuhangaika na chombo kilichopitwa na wakati, ilhali simu ya leo hufanya kazi zote hizo na kuzidi? Jibu lake ni kwamba chombo hiki kina raha yake kwa mwenye kukijua, na zaidi ya hayo, ni sehemu ya historia ya nchi zetu. Kitu kisichotambuliwa hakitunzwi.

CHIMBUKO LAKE

Kampuni ya Psion ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1980 na David Potter, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mkononi, Organiser, mwaka 1984. Mwaka 1991 ikafuata Series 3, ambayo hufunguka kama kijaluba cha miwani na kutumia betri mbili za kawaida za AA. Huko Marekani, Apple ilitoa Newton mwaka 1993, na mwaka 1996 ikatoka Pilot, mama wa mashine zilizokuja kujulikana kwa jina la Palm. Pilot ya bei nafuu kabisa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, ambayo haitoshi hata kwa picha moja ya simu ya leo. Hata hivyo ilitunza majina, anwani na miadi ya mwenyewe kwa betri mbili nyembamba zilizodumu majuma kadhaa.

Kazi ya Psion haikupotea. Mwaka 1998 programu yake ikawa msingi wa Symbian, iliyotumiwa baadaye katika simu kama Nokia 6600 ya mwaka 2003. Kwa hiyo mtafutaji akiikuta simu hiyo mezani asiidharau: ni mjukuu wa kompyuta za kiganjani.

ZILIVYOTUMIKA KWETU

Haifai kudhani kwamba mashine hizi zilikuwa za matajiri wa Ulaya tu. Mwaka 2003 mradi wa Uganda Health Information Network, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Makerere, ulianza kuzitumia katika huduma za afya. Miongoni mwa wilaya zilizohusika ilikuwamo Mbale, jirani ya Tororo kwa upande wa kaskazini. Mhudumu wa afya aliandika takwimu zake katika Palm, kisha akaielekeza kwenye kisanduku cha kupokelea kilichowekwa kituoni. Takwimu zilipita hewani kwa miale isiyoonekana kwa macho, na kutoka hapo zikasafirishwa hadi Kampala kwa mtandao wa simu. Kwa njia hiyo hiyo mhudumu alirudishiwa miongozo ya tiba.

Upande wa Kenya, mwaka 2005 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Mbita Point, kando ya Ziwa Victoria, walijaribiwa mafunzo kwa kompyuta za kiganjani badala ya vitabu, katika mradi wa EduVision. Haya yalifanyika kabla simu za kisasa hazijaenea vijijini mwetu.

NAMNA YA KUTAFUTA NA KUPIMA

Mtafutaji na aanze kwa mafundi wa simu, maana wao huletewa kila kifaa kilichokataa kuwaka. Kisha awaulize wazee waliofanya kazi maofisini na mashirikani. Aghalabu vitu vya namna hii hulala katika droo kwa miaka mingi.

Aendapo sokoni achukue betri zake mwenyewe, nene za AA na nyembamba za AAA. Kwanza afungue chumba cha betri: ungaunga mweupe au wa kijani ni dalili ya betri iliyovuja. Pili, awashe mashine na kutazama kioo; michirizi inayokatiza maandishi ni ugonjwa usio na dawa nyepesi. Tatu, kwa zile zinazokunjuka, afungue na kufunga bawaba polepole akiangalia kama picha inatoweka. Anayeanza achague inayotumia betri za dukani, kwani yenye betri ya ndani humlazimu mtu kutafuta chaja na betri ambazo hazitengenezwi tena.

Bei isizidi kile ambacho nyumba inaweza kukikosa bila kudhurika. Fedha ya karo na ya unga isiguswe. Yafaa pia kudai stakabadhi, ili mtu asije akanunua mali ya wizi. Anayevuka mpaka aulize kwanza forodhani. Tangu mwaka 2018 ukaguzi wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja pale Busia, na Uganda ilipata kuweka katazo juu ya uingizaji wa kompyuta zilizotumika katika bajeti ya mwaka 2009. Kuuliza ni bora kuliko kunyang'anywa.

USAFI NA USALAMA

Uchafu wa betri iliyovuja huondolewa kwa pamba iliyochovywa kidogo katika siki. Baada ya hapo futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa kabla ya kutia betri mpya. Usiguse ungaunga huo kwa mikono mitupu, wala watoto wasikaribie. Betri ya ndani iliyovimba isitobolewe. Mashine iliyokufa isichomwe moto pamoja na takataka, maana moshi wake ni sumu. Apewe fundi wa kuaminika anayejua pa kuipeleka.

AMANA ZA WATU

Jambo moja lisisahauliwe. Ndani ya mashine huweza kubaki majina, namba za simu, pengine hata habari za wagonjwa. Hizo ni amana. Mwenye kuziona asizisome wala kuzionyesha kwa marafiki. Akimfahamu mwenye nazo amrudishie; asipomfahamu, azifute zote kabla ya kuanza kuitumia mashine.

RAHA YAKE

Palm hufundishwa kusoma mwandiko, lakini kwa kweli mwandishi ndiye anayefundishwa: herufi A huandikwa bila kile kijiti cha katikati, kama paa la nyumba. Baada ya siku chache mkono huzoea. Mama wa nyumbani anaweza kuandika humo matumizi ya juma, na katibu wa chama cha kuchangiana akatunza zamu za wanachama. Hakuna vocha, hakuna matangazo, wala mlio wa kumkatiza mtu kazini. Bali na akumbuke kuwa katika Palm nyingi za zamani, betri zikiisha kabisa kila kilichoandikwa hufutika. Betri zibadilishwe upesi, na hesabu muhimu zinakiliwe daftarini.

Asiyeipata mashine yenyewe bado ana njia. Tangu mwaka 2022 hazina ya Internet Archive imewezesha programu nyingi za Palm kuendeshwa kwa kompyuta ya kawaida iliyounganishwa na intaneti.

Na atakayebahatika kuipata, aifungie karatasi ndogo yenye habari tatu: ilipatikana wapi, mwaka gani, na ilifanya kazi gani. Mashine isiyo na habari zake ni plastiki tu. Yenye habari zake yaweza siku moja kuwekwa katika kabati la shule, Busia au Tororo, na vijana wakasoma jinsi waliotangulia walivyobeba takwimu za afya na masomo katika kiganja cha mkono.