Kengele ya bweni ikinyamaza, mwili wa mwanamichezo hubaki na nini?

Aliyewahi kuichezea timu ya shule akiwa internati anaijua ratiba ile: kengele alfajiri, mbio kabla ya jua kuchomoza, darasa, mazoezi ya jioni, fufu na maharage, kisha taa kuzimwa. Mwanafunzi hapangi, anapangiwa. Akishapata diploma ya Serikali na kurudi kwao Ndosho, magharibi mwa Goma kwenye barabara ya kwenda Sake, ratiba hiyo hukatika siku moja. Sayansi inaonyesha kwamba anachofanya kuanzia siku hiyo kina uzito zaidi kwa afya yake kuliko vikombe vyote alivyoiletea shule.

Moyo husahau upesi

Mazoezi ya kila siku huuzoesha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na huipa misuli uwezo wa kutumia oksijeni vizuri. Faida hiyo haiwekwi akiba. Mwaka 1984 mtafiti Edward Coyle na wenzake nchini Marekani waliwapima wanamichezo walioacha mazoezi kabisa. Ndani ya wiki 3 tu, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 7, na baada ya wiki 12 kwa takriban asilimia 16.

Je, na miaka mingi baadaye? Daktari Ralph Paffenbarger alifuatilia wanaume karibu 17,000 waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard. Matokeo yake ya mwaka 1978 yalikuwa wazi: waliokuwa nyota wa michezo chuoni kisha wakaacha hawakukingwa na shambulio la moyo. Waliokingwa ni wale walioendelea kujishughulisha ukubwani, wakiwemo ambao ujanani hawakucheza kabisa.

Mfupa hukumbuka

Kwa mifupa, habari ni njema zaidi. Sehemu kubwa ya uimara wa mfupa hujengwa kabla ya mtu kufikisha miaka 20, yaani miaka ileile ya bweni. Kila kuruka na kila kukimbia huuambia mfupa uongeze unene. Mwaka 2014 Stuart Warden na wenzake walilinganisha mkono wa kurushia na mkono wa pili wa wachezaji wa besiboli, wakiwemo wazee walioacha kucheza miongo mingi nyuma. Walikuta nusu ya ongezeko la ukubwa wa mfupa, na theluthi moja ya ongezeko la nguvu yake, vimebaki maisha yote.

Lakini mfupa haujengwi kwa mazoezi matupu. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa. Hiyo ni dalili kwamba homoni ya estrojeni imeshuka, na homoni hiyo ndiyo inayoulinda mfupa. Wavulana nao hudhurika wakila chini ya kiasi wanachotumia. Sahani ya bweni haihitaji vitu vya anasa: maharage, mboga za majani na sambaza wa Ziwa Kivu, wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, huleta protini na kalsiamu.

Jeraha nalo hukumbuka

Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno. Volkeno ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021. Anayecheza kwenye ardhi ya kokoto nyeusi zenye makali anajua jinsi kifundo cha mguu kinavyopinduka. Kikishateguka mara moja, ni rahisi kuteguka tena, kwa sababu neva zinazoupa ubongo habari kuhusu mkao wa mguu nazo huwa zimeathirika.

Goti ni zito zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Stefan Lohmander wa Sweden mwaka 2007 yalionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliochanika ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti, au gegedu lake, huwa na goti lililosagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na miaka 17 anaweza kuchechemea kama mzee akiwa na 35.

Hapa ndipo tabia za bweni zinapoumiza. Mbali na wazazi, kijana hujifunza kuvumilia na kunyamaza, maana akisema anaumwa atawekwa benchi. Nchini Uingereza, mtaalamu wa saikolojia Joy Schaverien aliandika mwaka 2011 kuhusu watu wazima waliopelekwa bweni wakiwa wadogo, ambao walizoea kuficha huzuni hata kwa wenzi wao. Uvumilivu ni tunu ya mwanamichezo, lakini anayeficha maumivu hujinyima matibabu.

Mfano wa Iten

Shule ya St. Patrick's iliyoko Iten, Kenya, ni ya bweni, na Bruda Colm O'Connell, aliyekuja kuwa kocha wa riadha, alifika hapo mwaka 1976. Shule hiyo ilimtoa Ibrahim Hussein, aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987 na za Boston mara tatu, kisha akaongoza kituo cha kukuza riadha jijini Nairobi. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, alisoma hapo pia. Wote wawili waliendelea na masomo ya chuo kikuu Marekani. Kwa wanafunzi kama hao, mbio hazikukatika kwa kutoka shuleni.

Cha kufanya

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi huhesabiwa. Anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao, au kubeba maji amekwishatimiza sehemu kubwa. Anayekaa juu ya pikipiki kutwa hajatimiza, hata kama zamani alikuwa mshambuliaji hodari. Atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Kwa kifundo kilichoteguka, simama kwa mguu mmoja kila siku unapopiga mswaki, ukibadilisha mguu. Goti lililovimba au linalokwama lionwe na mtaalamu.

Januari 2025, vita vilipofika Goma, Hospitali ya CBCA Ndosho ilifurika majeruhi. Mji wenye mzigo huo hauwezi kuongezewa magoti na mioyo ambayo ingeweza kukingwa mapema. Walimu wa michezo, muhula wa mwisho mfundisheni kila mchezaji kujipangia mazoezi yake mwenyewe. Nawe uliyeacha tangu ulipomaliza shule, anza wiki hii: mwili wako haudai uwe nyota tena, unadai utembee.