Mboni Nyeupe Katika Jicho la Mtoto

Leo twataka kueleza habari ya saratani ya jicho iwapatayo watoto wadogo, nayo huitwa retinoblastoma. Huanza katika utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, na wengi wa wapatwao hawajatimiza miaka 5. Si kijicho cha jirani wala uchawi. Asili yake ni kasoro katika chembe za urithi, ambayo pengine mtoto huirithi kwa mzazi.

Dalili ya kwanza ni mboni nyeupe, ing'aayo kama jicho la paka gizani; ya pili ni makengeza. Kwa kuwa maumivu huchelewa, wazazi husema, "Tungoje kwanza." Kumbe uvimbe waweza kuufuata mshipa wa jicho hata ukafika ubongoni.

Uvimbe mdogo huangamizwa kwa miali ya leza, kwa baridi kali, au kwa dawa zitiwazo mshipani. Ukiwa umelijaza jicho, yabidi jicho litolewe, na mtoto atiwe la bandia. Hapo wazazi wengi hukataa. Lakini na tupime: jicho lililokwisha kupofuka, au uhai wa mtoto?

Watoto waliogunduliwa ugonjwa huu mwaka 2017 walifuatwa kwa miaka 3. Katika nchi tajiri karibu wote waliishi; katika nchi maskini kabisa, 57 tu katika kila 100. Kuchelewa na uhaba wa matibabu ndivyo viuavyo.

Basi mwonapo mboni nyeupe, mpelekeni mtoto hospitali upesi, na ndugu zake nao wapimwe macho.