Kabla Kanuni Haijaingia Jikoni

Tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza nchini Uganda, ndipo aghalabu kodi na ada mpya huanza kutozwa. Siku hiyo mama aendaye sokoni husikia kwamba bei imebadilika, naye askari aliye zamu hupokea agizo jipya la kutekeleza. Wote wawili hukutana na kanuni ikiwa imekwisha kuwa sheria. Je, kabla ya siku hiyo, yuko mtu aliyeketi akahesabu kanuni hiyo itamgharimu nani, kiasi gani, na kwa faida ipi?

Kazi hiyo ya kuhesabu huitwa tathmini ya athari za kanuni. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe si geni. Fundi cherehani humpima mtu kabla ya kukata kitambaa, kwani kitambaa kikishakatwa hakirudi. Vivyo hivyo, mwenye kutunga kanuni hana budi kujibu maswali matano. Tatizo hasa ni nini? Je, kanuni mpya ndiyo dawa pekee, au ile iliyopo ikifuatwa vizuri yatosha? Nani atalipa, na kiasi gani? Nani ataitekeleza, na kwa vifaa vipi? Na ukipita mwaka mmoja, tutajuaje kama imefaa? Tangu miaka ya 2000, Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri, iliyo katika Ofisi ya Rais, imekuwa ikizihimiza wizara zifanye tathmini ya namna hii kabla ya kupeleka mapendekezo yao mbele ya Baraza.

Wakazi wa Old Kampala wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Katika kilima hiki, Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi ya kampuni ya Kiingereza iliyotumwa kuitawala nchi. Kabla ya miaka kumi kutimia, tarehe 10 Machi 1900, ulitiwa sahihi ule Mkataba wa Buganda, ulioleta kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kukaa, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Waliotunga kodi hiyo walihesabu mapaa. Hawakuhesabu akili ya mwenye nyumba. Kwa kuwa kodi ilifuata paa wala si watu, jamaa walijibana wengi chini ya paa moja, na hazina ikakosa ilichokitarajia. Ndipo ikaja kodi ya kichwa kuziba pengo. Hilo ndilo somo la kwanza: mtu hakai kimya akingoja kanuni impate, hubadili mwenendo wake, na asiyelipima hilo mapema hupata asilolitaka.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba za askari wa leo ni wa mwaka 2018. Tarehe 1 Julai mwaka huo ilianza kutozwa kodi ya 1% katika fedha zinazotumwa kwa simu, na shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Askari aliye kambini mbali na jamaa zake hana njia nyepesi ya kupeleka fedha za matumizi kuliko simu. Basi tuhesabu. Kwa maandishi ya sheria ile, kodi iligusa kupokea, kulipa na kutoa fedha. Mke akipokea shilingi 200,000 kodi ni 2,000. Akizitoa kwa wakala ni 2,000 nyingine. Jumla ni shilingi 4,000, mbali na ada ya kampuni ya simu. Si haba kwa mama anayenunua unga, sukari na makaa kwa vipimo vidogo vidogo. Nazo zile shilingi 200 za kila siku zilifika 6,000 kwa mwezi wa siku 30.

Yaliyofuata yanajulikana. Wananchi walilalamika, wengine wakaandamana, na polisi wakawa ndio wa kusimama katikati ya barabara kati ya waliokasirika na sheria ambayo wao hawakuitunga. Wengi walipunguza kutuma fedha kwa simu, na wengine wakatafuta njia za siri za kuingia mitandaoni bila kulipa. Kabla mwaka haujakwisha, Bunge lilirekebisha sheria: kodi ikawa 0.5%, na ya kutoa fedha tu. Kwa zile shilingi 200,000, mzigo ulishuka kutoka 4,000 hadi 1,000. Ile kodi ya kila siku nayo iliondolewa Julai 2021, mahali pake pakawekwa 12% juu ya bei ya data ya intaneti. Hesabu tuliyoifanya hapa yataka kalamu na kipande cha karatasi. Ingalifanywa hadharani kabla ya Julai, marekebisho yangalikuja bila machozi.

Mfano wa pili unawahusu polisi wenyewe. Juni 2025 ulianza kutumika mtambo wa kamera za barabarani unaotoa faini bila dereva kusimamishwa. Aliyezidisha mwendo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa alidaiwa shilingi 200,000. Aliyepita hapo, 600,000. Nia ilikuwa njema, kwani mwaka 2024 watu zaidi ya 5,000 walipoteza maisha katika barabara za Uganda, na mwendo wa kasi ni miongoni mwa sababu kubwa. Hata hivyo malalamiko yalikuwa mengi mno, na mwezi huohuo Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha mpango huo ili utazamwe upya. Hapa tathmini haikuhitajika ili kuacha kuokoa watu. Ilihitajika ili kujua alama za mwendo ziwekwe wapi kwanza, faini inalinganaje na pato la dereva wa teksi, na anayeonewa akate rufani kwa nani. Kanuni njema iliyoletwa bila maandalizi humvunjia heshima askari anayeisimamia, na ikiahirishwa, walio barabarani hubaki bila kinga waliyoahidiwa.

Wako wasemao kwamba kupima ni kuchelewesha. Ni kweli kwamba panapo hatari ya ghafla, kama ugonjwa wa kuambukiza, serikali haiwezi kungoja miezi. Lakini kwa mambo ya kila siku, wiki chache za kupima ni nafuu kuliko miezi ya kurekebisha. Haraka haraka haina baraka.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka kila muswada upelekwao Bungeni uambatane na hati ya kuonyesha athari zake za kifedha, pamoja na makadirio ya mapato na matumizi kwa muda usiopungua miaka miwili. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini hati hiyo hutazama zaidi mfuko wa serikali. Mfuko wa nyumbani hauwezi kuonekana pale ila wenye nyumba wauseme. Tena yafaa kukumbuka kwamba kanuni nyingi hutungwa na waziri chini ya sheria iliyokwisha kupitishwa, nazo hutangazwa katika Gazeti la Serikali bila mjadala mrefu. Hizo ndizo zinazohitaji macho zaidi.

Basi jamaa za askari wafanye nini? Askari hawezi kuandamana, wala haimpasi. Lakini Ibara ya 38 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya utawala. Kamati za Bunge hupokea maoni kwa maandishi wakati muswada unapochunguzwa. Jeshi lina wabunge wake, na kila wilaya ina mbunge mwanamke. Mambo ya mji, kama masoko na maegesho, yana madiwani wa jiji na wa tarafa, na Old Kampala imo katika Tarafa ya Kati.

Maoni yenye nguvu si yale ya kusema tu, "Tunaonewa." Ni yale yenye hesabu. Chukua daftari. Andika fedha zinazoingia kwa mwezi, na zinavyotoka: karo, unga, makaa, nauli, fedha za kutuma kwa wazee. Kanuni mpya ikitangazwa kwamba yaja, tazama ni mstari upi itaugusa, na kwa shilingi ngapi. Kisha pendekeza njia nyingine ya kufikia lengo lilelile. Barua ya ukurasa mmoja yenye tarakimu za kweli, ikitoka kwa mama wa nyumba za polisi, humsaidia mbunge kusema jambo ambalo hati ya wizara haikulitaja.

Serikali yapaswa kupima, na mwananchi yapasa ampe kipimo. Mmoja asipotimiza wajibu wake, kanuni itapimwa vilevile, ila itapimwa jikoni na barabarani, siku ambayo kitambaa kimekwisha kukatwa.