Herufi Nne, Rangi Nne (3): Jicho la Dalton

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, tarehe 14 Agosti 2024, kwamba mpox ni dharura ya kimataifa, wasomaji wameniuliza kuhusu Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini. Wataalamu walijuaje kwamba virusi vya mpox vya huko vilikuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu? Sehemu ya jibu inaonekana katika michoro ya rangi. Kulinganisha mifuatano ya DNA tulikwisha kueleza. Leo natazama rangi zenyewe.

Chukua programu ya IGV, ya Broad Institute ya Marekani. Mifuatano hulazwa sambamba kama nyuzi za shanga. Kompyuta huilinganisha kila herufi ya DNA na ile ya jenomu rejea, yaani mfuatano wa kulinganishia. Zikifanana, huipaka kijivu. Zikitofautiana, huipa rangi yake: A kijani, C buluu, G chungwa, T nyekundu. Herufi iliyosomwa kwa mashaka hufifishwa. Hivyo jicho hupita juu ya kijivu kitupu na kunasa palipobadilika.

Jenomu ya mpox ina herufi zipatazo 197,000. Kimeng'enya cha mwili wa binadamu kiitwacho APOBEC3 huiachia alama mahususi: G iliyotangulia A hugeuka A, na C iliyofuata T hugeuka T. Alama hizo zikirundikana, virusi vimekaa ndani ya watu kwa muda. Kwa mpangilio wa IGV, basi, ushahidi hujitokeza kwa kijani na nyekundu, na rangi hizo mbili ndizo zinazowachanganya watu wengi wenye upofu wa rangi.

Niliwahi kukaa na kijana mbele ya mchoro wa namna hiyo. Akanong'ona, "Mwalimu, mimi hapa pote naona rangi moja." Alikuwa ameficha jambo hilo miaka miwili, akihofu kufukuzwa maabara. Tangu siku ile sijaweza kunyamaza.

John Dalton, mkemia Mwingereza wa nadharia ya atomu, hakuficha. Mwaka 1792 alilitazama ua la jeranio kwa mwanga wa mshumaa. Mchana, machoni pake, lilikuwa la buluu. Usiku likawa jekundu. Akawauliza rafiki zake, nao hawakuona mageuzi hayo. Ndugu yake peke yake aliliona kama yeye. Tarehe 31 Oktoba 1794 akasimama mbele ya chama cha wasomi cha Manchester, akaeleza upungufu wake waziwazi. Ujasiri huo nauheshimu kuliko hata atomu zake.

Alidhani majimaji ya macho yake yana ubuluu unaomeza mwanga mwekundu, akaagiza akifa macho yachunguzwe. Alifariki mwaka 1844. Daktari Joseph Ransome akalipasua jicho moja: majimaji yalikuwa maangavu. La pili akalitoboa kwa nyuma, akachungulia vitu vyekundu na vya kijani kupitia humo. Hakuona kasoro. Mabaki yakahifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti walichapisha matokeo ya DNA yake: Dalton alikosa jeni ya protini inayopokea mwanga wa kijani.

Laza protini hiyo kando ya ile ya mwanga mwekundu. Kila moja ina asidi amino 364, na zaidi ya 95 katika kila 100 zinafanana. Jeni zake zimepakana kwenye kromosomu X, na kwa sababu zimefanana mno, mwili unapozipanga hukosea, moja ikapotea. Mwanamume ana X moja tu, hana akiba. Ndiyo maana katika wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 ana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na kuwasahau ni dhuluma.

Dawa ya michoro inayowachanganya ni nyepesi. Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito walipendekeza rangi nane zinazotofautika kwa macho ya aina zote. IGV nayo huruhusu rangi kubadilishwa. Mwalimu achapishe mchoro wake kwanza kwa nyeusi na nyeupe. Herufi mbili zikitoka na weusi uleule, abadilishe rangi kabla hajaingia darasani.

Wiki ijayo: namna tarehe za maambukizi ya Kamituga zinavyokadiriwa kutokana na alama hizohizo.